Dakika Kumi na Nane za Mkekani

Ninayoyaandika hapa yalitokea. Nasema hivyo mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo tuendelee. Sikuyasikia kwa mtu, sikuyaota, wala sikuwa nimelewa. Kileo sijakionja tangu nizaliwe. Wenye visa vya namna hii hupenda kukuambia kwamba ilikuwa usiku wa manane, mbwa wakilia na taa ikififia. Changu kilitokea saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Alhamisi, jua la Mwananyamala likichoma mabati mpaka yakawa yanatatarika. Saa niliiangalia mwenyewe na nikaiandika. Daftari ninalo.

Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na tisa, yote masjala. Kwa msomaji asiyeijua, masjala ni chumba ambamo barua zote za ofisi huingia, huandikwa katika rejista, huwekwa katika majalada yake, kisha hupelekwa kwa mhusika. Kazi hiyo ina kanuni nyingi, ila mbili nilizishika kama mtu anavyoshika swala. Ya kwanza, jalada halinyofolewi ukurasa. Ya pili, bahasha iliyogongwa muhuri wa SIRI haifunguliwi masjala. Hupelekwa ilivyo kwa yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake, na karani huondoka kabla haijafunguliwa. Nilizishika kanuni hizo mpaka siku nilipopokea barua yangu mwenyewe, yenye mistari minne na saini ya Mkurugenzi, ikinieleza kwamba watumishi wanapunguzwa na mimi ni miongoni mwao. Mtaani walisema nimefukuzwa. Sikufukuzwa. Nilipunguzwa, na tofauti ya maneno hayo mawili imo katika kanuni za utumishi.

Enzi hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa milango, na kila chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa kinageuka duka. Changu nikakigeuza kuwa mahali pa kunakili kanda za video. Nikaweka deki mbili, televisheni moja, benchi la wateja, feni ya dari, na ubao nje: TUNANAKILI KANDA KWA UAMINIFU. Kazi yenyewe si fumbo. Deki moja inacheza, ya pili inarekodi, na waya unapeleka picha kutoka hii kwenda ile. Harusi ya saa tatu huchukua saa tatu kuinakili, hakuna njia ya mkato. Nami kila kanda niliyoipokea niliiandika daftarini: imetoka kwa nani, urefu wake, imeanza saa ngapi, imekwisha saa ngapi, hitilafu gani imetokea. Vijana wa Sinza waliokuwa na kazi kama yangu walinicheka. Walinakili sita kwa mpigo na kuchanganya harusi za watu. Mimi sijawahi kumkabidhi mtu harusi isiyo yake.

Basi Jumatatu moja akaja Bi Mwanahawa, mama wa mtaa wa pili, mtu wa pwani hasa, wa ukoo uliokuwapo hapa kabla barabara hazijachorwa. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwoza bintiye, Zuhura. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba wa ukili magotini, na kutoa humo kanda nene nyeusi.

"Kaka," akasema, "hii si yangu. Ya wakwe zangu wa Mbagala. Mpiga picha alikuwa mtu wao. Ijumaa wanaitaka."

"Itarudi Ijumaa," nikamwambia. "Unataka nakala ngapi?"

"Moja. Ya Seif."

Seif ni mwanawe wa kwanza, aliyekwenda kufanya kazi Maskati na kutimiza huko mwaka wa tisa. Kijana huyo alilelewa na bibi yake, mama wa Bi Mwanahawa, tangu alipoachishwa ziwa. Bibi huyo alipofariki, habari zilimfikia Seif siku ya kumi na moja baada ya maziko. Akaandika barua moja, fupi, kwamba mmemzika bibi yangu bila mimi. Baada ya hiyo hakuandika tena. Hata habari za harusi ya dada yake hakuzijibu.

"Kuna mama anasafiri Ijumaa alfajiri," Bi Mwanahawa akasema. "Atapita mpaka anapokaa Seif. Kanikubalia kanda moja, kaka, moja tu, mizigo yake imejaa. Nataka mwanangu aione nyumba. Aone tunamngoja. Nikiikosa safari hii sijui nitamshika wapi."

Nilipoiangalia kanda ndipo nilipoona shida. Ilikuwa ya saa nne. Kanda za urefu huo wakati ule zilikuja na wasafiri. Madukani zilikuwapo za saa tatu. Nilizunguka Kariakoo Jumatatu ile yote, duka kwa duka, nikarudi mikono mitupu. Harusi yenyewe nilipoipima ilikuwa na dakika mia mbili na thelathini. Kanda niliyokuwa nayo ilibeba mia moja na themanini. Dakika hamsini hazikuwa na pa kukaa.

Ziko deki zenye mwendo wa polepole, ambao huifanya kanda fupi ibebe mara mbili. Nilijaribu. Picha ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na si kila deki inaweza kuicheza kanda ya namna hiyo. Nani alijua Seif ana deki gani? Nikaona hapana budi kupunguza. Neno hilo halikunipendeza, lakini ndilo.

Nikakaa na kalamu, nikaipitia harusi yote. Msafara wa magari, dakika kumi na nne za pembe na vumbi: utoke. Watu wakipakua pilau, kumi na moja: watoke. Ngoma iliyorudiwa, saba: itoke. Zikabaki kumi na nane. Nikazipata mahali ambapo kamera ilikuwa imesimama tuli, ikimwangalia bibi kizee aliyeketi kwenye mkeka pembeni ya mlango wa nyumba. Mbele yake palikuwa na kikombe cha kahawa. Mkononi alivaa saa kubwa ya kiume, yenye mkanda wa chuma, imemlegea mpaka ikateremka karibu na kiwiko. Hakufanya lolote. Watu walipita wakimzunguka, naye ameketi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mpiga picha aliisimamisha kamera pale akaenda zake kula. Nikaandika daftarini: "Mgeni wa kawaida, dk. 18. Itoke."

Utaniuliza, je, katika harusi nzima hapakuwa na kingine cha kutoa? Kilikuwapo. Palikuwa na hotuba ya mgeni rasmi, dakika ishirini na sita, akisoma karatasi kuhusu nidhamu ya kazi na kujibana mkanda, maharusi wakisinzia nyuma yake. Na mgeni rasmi huyo, niamini, alikuwa Mkurugenzi yuleyule aliyetia saini barua yangu. Bwana harusi alikuwa anafanya kazi chini yake. Nikamwacha. Kwa nini? Kwa sababu mgeni rasmi hakatwi. Ndivyo nilivyofunzwa, na mkono wangu uliruka jina lake bila kuniuliza.

Jumanne nikaanza kunakili. Mambo yalikwenda vyema mpaka pale mkekani. Hapo nikaisimamisha deki inayorekodi, nikaiacha nyingine ipite dakika zile kumi na nane, kisha nikairuhusu iendelee. Nilipokuja kuiangalia nakala, picha iliviringika mara tatu, ikajaa chenga, na chenga hizo zikaendelea hadi mwisho wa kanda. Sauti nayo ilipotea, isipokuwa kitu kimoja. Katikati ya ule mvumo wa chenga nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Mara moja tu.

Sikushtuka. Mimi si mtu wa kushtuka. Mimi hutafuta chanzo. Nikafungua deki, nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa spiriti na ngozi laini. Nikarudia, nikianzia karibu na mkeka: chenga, palepale. Nikabadilisha waya. Chenga. Nikazigeuza deki, iliyokuwa inacheza ikarekodi na iliyokuwa inarekodi ikacheza. Chenga. Jumatano nikachukua kanda mpya ya aina nyingine kabisa. Chenga, na kikombe. Nikadhani kanda ya Mbagala imechubuka mahali pale, nikaicheza peke yake: safi kama maji ya kisima. Nikanakili sehemu ya mbele pekee: safi. Ya nyuma pekee: safi. Nikanakili yote bila kuruka kitu, ikarekodi vizuri hadi kanda ilipokwisha, keki ikiwa haijakatwa. Kila jaribio nilibadilisha jambo moja tu, na kila jambo nililiandika. Hitimisho likawa lile ambalo sikulitaka: vifaa vyote vilikuwa vizima. Kilichogoma ni kurukwa kwa bibi yule.

Mama Neema, jirani yangu kutoka Iringa aliyekuwa akiuza mkaa mlangoni pangu, alichungulia dirishani Jumatano jioni aliposikia vigelegele vilevile kwa mara ya saba.

"Baba, hiyo harusi bado haijaisha tu? Wenzako wameshazaa!"

"Nafanya uchunguzi, Mama Neema."

"Haya. Ukimaliza kuchunguza utuletee na sisi wali."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika. Ilikuwa zamu ya mtaa wetu katika mgao, na zamu ile ilikuwa ya mpaka usiku. Msafiri alikuwa anaondoka alfajiri. Bi Mwanahawa alikuwa amekwisha pita mara mbili, akachungulia deki kutoka mlangoni na kwenda zake. Nikabaki nimekaa mbele ya televisheni iliyozimika, daftari mapajani, jasho likinitoka chini ya feni iliyosimama.

Hapo ndipo alipoingia.

Alikuwa bibi wa mkekani. Nilimtambua papo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimemwangalia siku tatu mfululizo. Kanga, mwendo, saa iliyolegea mkononi, vyote vilevile. Sikuona ajabu. Mwenye harusi ana haki ya kuja kuulizia kanda ya harusi. Akakaa kwenye benchi kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayetoa watu?"

"Sitoi watu, bibi. Nafupisha kanda. Kuna utaratibu."

"Ehee. Utaratibu wenyewe ndio umenitoa mimi?"

Nikamweleza kwa heshima, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wananchi dirishani. Nikamwambia kanda ni ya saa tatu, harusi ni ya saa nne kasoro dakika kumi, na kwamba sehemu yake haikuwa na tendo. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa.

"Na huyu anayesoma karatasi, yeye ana tendo gani?"

"Huyo ni mgeni rasmi."

"Mgeni wa nani? Zuhura mwenyewe hamjui hata kwa jina la baba yake. Kaja, kasoma, kala firigisi, kaondoka."

"Ana cheo, bibi."

"Kakupunguza, nawe bado unamshikia kiti."

Nilimkazia macho. Jambo lile sikuwa nimemwambia. Lakini mtaa una midomo, nikajiambia, mtu wa ukoo huu angeweza kulisikia popote. Hata hivyo lilinipanda kichwani. Ndiyo, nilikasirika, na sikukasirika na yeye. Miaka ishirini na tisa sikuwahi kunyofoa ukurasa wa mtu, na sasa nilikuwa nimemnyofoa bibi kizee mlangoni kwake ili abaki mtu aliyenitoa mimi kwa mistari minne! Ingekuwa wewe, ungejibu nini?

"Sikufukuzwa, bibi," nilisema. "Nilipunguzwa."

"Basi unayajua maumivu yake," akasema. "Washa mashine zako."

"Umeme hakuna. Ni zamu yetu leo."

"Washa tu, mwanangu. Msafiri ataondoka."

Nikabonyeza, ili tu aone kwamba haiwezekani. Deki zikawaka, zote mbili. Televisheni ikawaka. Nikashukuru Mungu kwamba mgao umekatishwa mapema, nikaingiza kanda, nikaandika saa. Niliona kwamba feni haizunguki, nikadhani imeungua umeme uliporudi. Sikuwa na muda wa feni.

Tulikaa pamoja kwa saa nne kasoro dakika kumi, urefu wa harusi nzima. Nilipofika kwenye msafara wa magari nikauruka. Pilau na ile ngoma iliyorudiwa, nikaziruka. Tulipofika mkekani sikugusa kitu. Nikamwona kwenye kioo na nikamwona kwenye benchi, ameketi vilevile, kama mtu na kivuli chake, na bado, niamini, akili yangu haikuniambia lolote. Chenga hazikuja. Kikombe kiliwekwa kisahanini, mara hii kwa sauti ya kawaida, harusi ikaendelea.

Kisha Mkurugenzi akasimama, akakohoa, akafungua karatasi zake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikabonyeza. Nikamwacha azungumze dakika zake ishirini na sita peke yake, bila kurekodiwa, na wakati wote huo nilikuwa nimekaa wima kuliko nilivyokaa tangu siku ile ya barua.

Keki ikakatwa, Zuhura akalia, gari likaondoka. Nikapiga hesabu kwa sauti: zimetumika dakika mia moja na sabini na mbili. "Zimebaki nane tupu, bibi. Naweza kurudisha ile ngoma."

"Usizijaze," akasema. "Hizo nane niachie mwenyewe."

Nikaitoa kanda, nikavunja kile kipande cha plastiki cha ubavuni ili pasiwepo wa kurekodi juu yake, nikageuka kwenye meza kuandika: "Dk. 172. Mwisho dk. 8, tupu." Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa halina mtu. Nikatoka nje. Mama Neema alikuwa anafunika magunia yake.

"Yule bibi ameelekea wapi?"

"Bibi gani? Mie nimekaa hapa tangu mchana, sijaona mtu. Nimekusikia wewe tu ukijibizana. Nikasema, huyo baba leo anaongea na Mkurugenzi wake."

"Mama Neema, hukuona. Umeme uliporudi ulikuwa unahudumia wateja."

Akaacha turubai. "Umeme umerudi wapi?"

Nikasikiliza. Mashine ya kusaga ya kona haikuwa inalia. Redio ya kinyozi ilikuwa kimya. Mtaa mzima ulikuwa kama ulivyokuwa tangu saa tatu asubuhi. Nikarudi ndani, nikabonyeza swichi ya taa. Giza. Deki zilikuwa zimezima. Nikaweka kiganja juu ya ile iliyorekodi: ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya hapo, hapana.

Bi Mwanahawa alipokuja baada ya magharibi, akiwa na kibatari, nilimkabidhi kanda na kumwambia ilivyo. "Yule bibi wa mkekani, mwenye saa ya kiume, alikuja kulalamika kwamba nimemtoa. Nimemrudisha."

Akakaa chini sakafuni, si kwenye benchi.

"Kaka, mkekani hapakuwa na mtu."

Akanieleza kwa sauti ndogo. Ukoo wao ukiwa na harusi hutandika mkeka wa marehemu mkubwa wa nyumba mlangoni, huweka na kahawa, na hapana anayeukanyaga wala kuukalia mpaka maharusi watoke. Ule ulikuwa mkeka wa mama yake, bibi aliyemlea Seif. Ni yeye Bi Mwanahawa aliyemwambia mpiga picha: elekeza chombo chako hapo, usiupite mkeka huu haraka, kuna mtu wangu mbali anapaswa kuuona. Kanda alikuwa ameitazama mara mbili kwa wakwe zake. Aliona mkeka, kikombe na miguu ya wapitao.

"Na saa?" nikauliza.

"Seif alimletea bibi yake mwaka wake wa kwanza Maskati. Ilikuwa kubwa, akaivaa hivyohivyo mpaka anakufa. Iko kabatini kwangu, imefungwa. Ufunguo huu hapa kifuani."

Kisha akainuka, akaifunga kanda katika kanga, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu anavyobeba mtoto mchanga, akaenda. Kanda ya Mbagala ilirudi kwa wenyewe Ijumaa, kama nilivyoahidi.

Sasa nieleze yaliyofuata, kwa kuwa hapa ndipo wengi wangependa nifute kauli. Wakwe wa Mbagala waliposikia harusi imefupishwa walipenda, wakanirudishia kanda yao, wakaniagiza nakala ya namna hiyo ya kumzawadia mgeni rasmi. Nikawanakilia vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Baada ya wiki nikaletewa barua yenye nembo, Mkurugenzi akinitaka nieleze kwa maandishi kwa nini hotuba yake haimo. Jamaa wakanishauri niandike kwamba mashine ilikorofisha. Mashine haikukorofisha. Nikajibu hivi: "Kanda ilikuwa ya saa tatu. Nafasi haikutosha kwa wageni wote. Aliyebaki ni mwenyeji." Nikatia saini na kubaki na nakala jaladani. Sijajibiwa hadi leo.

Binti yangu alisema ni uzee. Shekhe wa jirani aliniambia nisomewe, mchungaji wa Mama Neema akaniambia niombewe, na mtu mmoja wa Temeke alitaka mbuzi mweusi. Niliwasikiliza wote kwa adabu na kuwaonyesha daftari. Hawakulitaka daftari. Na feni yangu, kwa taarifa ya mwenye kupenda ushahidi, haijazunguka tena tangu Alhamisi ile. Fundi amepima waya: umeme unafika. Nimebadilisha feni tatu. Kila moja ukiifunga nyumba nyingine inazunguka, kwangu inasimama. Najipepea kwa kipepeo cha ukindu, mteja akitaka kucheka namwonyesha mlango.

Seif alirudi kabla ya mfungo. Hakuandika barua, alitokea tu na sanduku, akaingia kwa mama yake, nikasikia kilio mpaka kwangu. Siku ya tatu akaja, kanda mkononi, mwanamume wa makamo mwenye mvi za mapema.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye uliyemweka bibi?"

"Sikumweka. Nilimtoa, kisha nikamrudisha. Tafadhali kaa."

Sikutaka tuzungumze kabla ya kuandika, maana watu wawili wakizungumza kwanza ushahidi wao huchanganyika. Rangi ya kanga ya bibi sikuwa nimemtajia mtu yeyote, hata Bi Mwanahawa. Nikampa karatasi aandike kanga aliyoiona, nami nikachukua yangu, kila mmoja akaandika akiwa amempa mwenzake mgongo. Tukazibadilisha. Yangu ilisomeka: "Zambarau, mapambo ya korosho." Yake: "Zambarau, ya korosho, ndiyo aliyonibebea mgongoni." Karatasi zote mbili zipo jaladani.

"Mama anasema anaona mkeka mtupu," akasema. "Nilidhani nimechanganyikiwa. Mzee, na kule mwisho, alipozungumza, ulisikia?"

"Mwisho gani?"

"Gari likiishaondoka. Anaongea kama dakika nane."

Nilimwambia kwamba dakika nane zile ni tupu, kwamba niliziacha tupu na nimeziandika tupu. Akaitia kanda katika deki, akaipeleka mpaka mwisho. Gari likaondoka. Zikaja chenga, kama inavyopasa, na mvumo wake. Mimi niliona hivyo. Lakini Seif alikuwa ameinama kuelekea kwenye kioo, machozi yakimdondoka kwenye mikono, akisema taratibu, kwa nafasi, kama mtu anayejibu: "Naam bibi. Naam. Nimekuja."

Je, ningebaki pale? Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na tisa. Niliinuka, nikatoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye gunia la Mama Neema mpaka mgeni wangu alipomaliza. Alichoambiwa sikumuuliza, naye hakunieleza.

Basi wewe unayeleta kanda, picha, daftari au ukoo wako ufupishwe, nakuonya. Nafasi ikikosekana, usianze na aliyenyamaza. Uliza kwanza ameketi hapo kwa ajili ya nani. Na ukiambiwa kwamba mwenye cheo hakatwi, njoo Mwananyamala nikuonyeshe nakala ya barua.

Kuhusu daftari, nakiri jambo moja. Katika kurasa zake zote mna mstari mmoja ambao si kweli: "Mwisho dk. 8, tupu." Nimeshika kalamu mara nyingi kuurekebisha. Siurekebishi, kwa kuwa dakika hizo hazikuandikwa jina langu. Utabaki hivyo, na anayetaka kuuhoji aje mchana.